Kutoka Likasi 1952 hadi kwenye simu: jasho la mwanamuziki wetu linaenda wapi?



Asubuhi moja kijana alifika kwenye redio yetu hapa Kalemie, kabla ya taarifa ya habari. Alivaa ndala za rangi mbili, kila mguu na yake. Jina lake nalihifadhi kwa usalama wake. Aliniambia: « Yaya, ule wimbo munaweka kila asubui mbele ya matangazo ya kilio, ni wangu. »

Nilidhani anatania. Wimbo ule tuliupata kwenye kadi ya memori, kama tunavyopata nyimbo nyingi. Haukuwa na jina la mtunzi, ulikuwa na namba tu. Nikamwomba aimbe. Akaimba ubeti wa kwanza na wa pili sawa na vile tunavyozijua. Halafu akaimba ubeti wa tatu, ambao hatujawahi kuusikia, kwa sababu aliutunga barabarani wakati familia yake ilipokuwa ikikimbia. Fundi wetu wa mitambo alivua vifaa vya masikioni na kuviweka juu ya meza.

Kijana hakuja kushitaki. Alitaka mambo mawili: tutaje jina lake, na tumwambie kama kuna mtu anayelipwa kwa wimbo ule. La kwanza tulilifanya siku ileile. La pili sikuwa na jibu. Nimetafuta, na nilichokiona ni kwamba swali lake ni la zamani sana katika nchi yetu. Lilianza kabla ya uhuru, na lilianzia hukuhuku kwetu Katanga.

Gitaa la Jadotville

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi muziki, alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Huko alimkuta kijana mwenye umri wa miaka 22 hivi akipiga gitaa lisilo na umeme. Alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, mji wa Mwami M'siri. Baadaye alijulikana kama Mwenda wa Bayeke.

Wazee wa Katanga wanajua ule upigaji wake. Kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinacheza sauti nyingine juu yake, na mtu asiyeona anadhani wapigaji ni wawili. Tracey alirekodi wimbo wake « Masanga ». Sahani ilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini, chini ya chapa ya Gallotone, na mwaka uleule wimbo ukapata tuzo ya Osborn kama muziki bora wa Kiafrika wa mwaka.

Tangu hapo « Masanga » haukusimama. Wapiga gitaa wa Kenya, Uganda na Zambia waliujifunza kwa kusikiliza sahani. Wataalamu wa Ulaya waliuandika kwa nota ili wanafunzi wao waucheze. Mwenda mwenyewe aliitwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko alisikika kwenye redio na sauti yake ikatumika kutangaza dawa ya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo naye alipita njia hiyohiyo ya Nairobi. Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Sasa mtu atauliza: mtu wa namna hiyo si alikuwa tajiri? Mwenda hakuishi kwa sahani zake. Kwa nyakati mbalimbali alifanya kazi ya ofisi, benki, na kampuni ya migodi, na alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Gitaa lilimpa jina kubwa duniani, lakini mkate wa nyumbani ulitoka kwingine. Na huyo ni yule aliyebahatika, maana jina lake liliandikwa kwenye sahani. Katika miji yote ya reli, Kamina, Kabalo, hadi hapa kwetu wakati bado panaitwa Albertville, kulikuwa na wapiga gitaa ambao hakuna mtu aliyewaandika.

Kampuni ileile ya Gallo inakumbukwa kwa jambo lingine. Mwaka 1939 Mzulu mmoja, Solomon Linda, alirekodi kwao wimbo « Mbube ». Mwaka 1952 aliuza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ule ulizunguka dunia kwa jina lingine la Kiingereza, ukaingia hadi kwenye filamu, na Linda akafa maskini mwaka 1962. Ni mwaka 2006 tu ndipo mabinti zake walipofikia mapatano ya kulipwa. Shilingi kumi zilikuwa na maana siku ile, lakini karatasi aliyotia sahihi ilifunga zaidi ya miaka hamsini.

Wagiriki wa Léopoldville, na Kabasele aliyesema basi

Kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, biashara ya sahani ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni. Mgiriki Nico Jeronimidis alifungua nyumba ya Ngoma mwaka 1948, na mwaka uleule Wendo Kolosoy akaimba « Marie-Louise » pamoja na Henri Bowane. Zikafuata nyumba nyingine: Opika, Loningisa, Esengo. Mwenye nyumba alikuwa na mashine, vyombo, duka na gari la kusambaza. Mwanamuziki alikuwa na sauti na tumbo. Mara nyingi alipewa pesa kidogo siku ya kurekodi, pengine na gitaa la kutumia, na mambo yanaishia hapo. Sahani ikiuzwa elfu moja au elfu kumi, kwake ni ileile.

Hata hivyo tusizitukane nyumba zile kwa yote. Bila hizo tusingekuwa na rekodi ya Wendo leo. Shida ni kwamba aliyekuwa na mashine ndiye aliyekuwa na haki. Nawaomba mshike jambo hilo, maana linarudi mbele.

Mwaka 1960 Joseph Kabasele, Grand Kallé, alikwenda Brussels na African Jazz wakati wa Meza ya Duara iliyojadili uhuru wetu. Huko ndiko « Indépendance Cha Cha » ulikotoka. Watu wanakumbuka wimbo, lakini wachache wanakumbuka kwamba mwaka huohuo Kabasele alianzisha chapa yake mwenyewe, Surboum African Jazz. Sahani zilitengenezwa Ubelgiji na kuuzwa kwetu, na jina la mwenye mali lilikuwa la mwanamuziki Mkongomani. Alitoa hata sahani za Franco na OK Jazz, ambao walikuwa wapinzani wake jukwaani. Franco naye akaanzisha chapa zake, na Éditions Populaires ikaja mwaka 1968. Verckys, aliyetoka OK Jazz, akafungua Vévé na kuwachukua vijana waliokuwa wakianza. Uhuru wa mwanamuziki, kwa wazee wale, ulikuwa na maana iliyo wazi: kushika chapa, kushika mkataba, kushika hesabu.

Lakini angalieni ramani. Nyumba hizo zote zilikuwa Kinshasa. Mwimbaji wa Kiswahili wa mashariki alikuwa mbali na studio kwa siku nyingi za safari. Wengi wetu walivuka mipaka. Baba Gaston alitoka Lubumbashi akaenda Tanzania na baadaye Nairobi. Remmy Ongala, mzaliwa wa upande wa Kindu, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978, na Watanzania wakamfanya wao hadi alipofariki mwaka 2010. Tulizaa waimbaji, na wengine wakawalea.

Sheria ikaja, pesa haikufika

Mwaka 1969 serikali iliunda SONECA, shirika la kukusanya haki za watunzi. Tarehe 5 Aprili 1986 ikatoka sheria namba 86-033 ya kulinda haki za mtunzi. Sheria hiyo bado inatuhusu. Inasema haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, tungo za Mwenda ni mali ya watoto wake hadi mwaka 2040.

Kwenye karatasi ni vizuri. Katika maisha, kaseti ilikuwa imeshafika. Kwa mashine ya kaseti mbili kila kijana aliweza kutoa nakala chumbani, na hakuna mtu wa SONECA aliyeweza kumfuata. Miaka ya 1990 ikaleta uporaji wa Kinshasa, pesa iliyopoteza thamani kila wiki, kisha vita. Watunzi walilalamika kwamba wanapewa kidogo mno au hawapewi kitu. Mwaka 2011 SONECA iliachia nafasi SOCODA, ambayo ndiyo shirika la leo.

Wanamuziki hawakukaa na njaa wakisubiri. Walibuni mabanga: tajiri analipa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Wengine wanacheka mabanga, wanasema yameharibu muziki. Mimi nayaona kama jibu la mtu ambaye sahani yake haimlipi tena. Kama huwezi kuuza wimbo, unauza nafasi ndani ya wimbo. Ubaya wake tunaujua: wimbo unakuwa orodha ya majina ya wakubwa, na habari za mkulima wa Nyunzu au mvuvi wa ziwa letu hazina mwenye kuzilipia.

Sasa tuko kwenye simu

Leo tunaambiwa shida imekwisha, kila mtu anaweza kuweka wimbo wake kwenye intaneti na dunia ikausikia. Ni kweli kwa sehemu. YouTube ilianza 2005. Boomplay, inayopendwa sana Afrika, ilianza 2015. Spotify ilifunguliwa rasmi kwa Kongo mwezi wa Novemba 2021. Innoss'B, mtoto wa Goma, alivuma Afrika nzima na « Yo Pe » mwaka 2019 bila kusubiri Mgiriki mwenye gari la sahani. Hilo si dogo.

Lakini yafaa tuelewe pesa inavyotembea. Kwenye huduma kama Spotify hakuna bei maalumu ya wimbo mmoja. Malipo ya wateja wa kila mwezi na pesa ya matangazo vinawekwa kwenye kapu moja. Kampuni inachukua sehemu yake, sehemu kubwa inabaki kwa wenye haki, na inagawanywa kulingana na hesabu ya kusikilizwa. Mwimbaji mwenye mamilioni ya wasikilizaji anachukua fungu kubwa. Mwimbaji wetu mwenye wasikilizaji mia nane anapata senti. Na tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa rekodi ambayo haijafikisha kusikilizwa mara 1000 ndani ya miezi 12. Hata ukifikisha hizo 1000, ni dola chache tu. Kwenye YouTube, ili kupata pesa ya matangazo kwa video za kawaida, unahitaji kwanza wafuasi 1000, pamoja na saa 4000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja.

Kuna jambo lingine. Mwanamuziki hapeleki wimbo Spotify mwenyewe. Anapita kwa msambazaji wa intaneti, na mara nyingi msambazaji anataka kulipwa kwa kadi ya benki. Muhami wa vita atatoa wapi kadi ya benki? Kwa hiyo anampa rafiki mwenye kadi. Rafiki anafungua akaunti kwa jina lake. Siku wimbo ukivuma, malipo yanakwenda kwa mwenye akaunti. Mnaona? Tumerudi Léopoldville: aliyeshika mashine ndiye mwenye haki.

Na sisi wenyewe tunasikilizaje? Mama akinunua mega za franka 500, pesa hiyo inabaki kwa kampuni ya simu. Tukipeana wimbo simu kwa simu, mtunzi hapati hata moja. Tukijaza kadi kwa wale vijana wenye ordinatere sokoni, anayelipwa ni mwenye ordinatere. Siwalaumu, nao wanatafuta chakula, na mtu aliyekimbia na sufuria moja hawezi kuambiwa anunue muziki kwa dola. Nataka tu tujue kwamba katika safari hiyo yote mtu mmoja anarukwa, ambaye ndiye aliyetunga.

Redio nayo isijifiche. Sheria inataka anayetangaza wimbo amlipe mtunzi. Redio yetu ndogo, inayoishi kwa matangazo ya kilio na ya vitu vilivyopotea, haijawahi kulipa. Tulicheza wimbo wa yule kijana miezi mingi, na hatukuwa hata tumeuliza jina. Kwa hilo nilimwomba msamaha uso kwa uso, na hapa narudia.

Tunaweza nini, kwa mikono hii tuliyo nayo?

Kwanza, jina. Mwanamuziki, kabla wimbo haujatoka mkononi mwako, andika kwenye faili jina lako, jina la wimbo, mwaka na mji. Kisha sema jina lako kwa sauti mwanzoni mwa wimbo. Faili inaweza kubadilishwa jina sokoni, sauti yako ni vigumu kuitoa.

Pili, ushahidi. Haki yako inaanza siku unapotunga, hata kama hujapata muhuri wa mtu yeyote. Lakini mkigombana, utaulizwa: utaonyesha nini? Hifadhi rekodi ya kwanza kabisa, hata ile mbaya ya simu, na usiifute. Mtumie mtu unayemwamini nakala siku ileile, tarehe itabaki. Ukipata njia ya kujiandikisha SOCODA, jiandikishe. Mkiwa kundi, andikeni karatasi: nani alitunga, nani alipiga, pesa ikija mtagawana vipi. Iandikeni sasa wakati bado mnacheka pamoja.

Tatu, mkataba. Mtu akikuletea karatasi, uliza mambo matatu kabla ya sahihi: ni kwa miaka mingapi, ni kwa nchi zipi, na mimi napata ngapi kwa mia. Kama anasema hakuna wakati wa kusoma, mkumbuke Linda na shilingi zake kumi. Na kama rafiki anakufungulia akaunti, nywila muijue wawili, na barua pepe iwe ya kwako.

Nne, sisi wasikilizaji. Hapa kwetu mama akikosa mtaji anaingia likelemba. Kila mmoja anatoa kidogo, zamu inamfikia. Kwa nini kanisa, mtaa au kambi isifanye likelemba ya wimbo? Watu ishirini, kila mmoja franka elfu moja, ni mwanzo wa pesa ya studio ndogo. Mwimbaji akiimba kwenye kilio au ndoa, asipewe chakula peke yake, apewe na bahasha. Na simu zetu zina M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mwanamuziki akitaja namba yake, franka 500 zinazomfikia moja kwa moja zinaweza kupita kile atakachopata kwa kusikilizwa mara mia kwenye intaneti.

Tano, ninyi ndugu zetu mliochukuliwa na ndege kwenda Marekani, Kanada, Australia na kwingine. Mnaolipa kila mwezi kusikiliza muziki, usikilizaji wenu una uzito kuliko wetu sisi tusiolipa. Mtafuteni mwimbaji wa nyumbani kwenye ukurasa wake wa kweli, si kwenye nakala iliyowekwa na mtu mwingine. Kuna Bandcamp, ambako mnunuzi analipa wimbo na sehemu kubwa inamwendea msanii. Mkimtumia mama pesa ya unga, ongezeni kidogo kwa yule anayeimba habari za mama.

Na sisi wa redio tumeanza na daftari. Kila wimbo tunaouweka tunaandika tarehe, saa, jina la wimbo na jina la mtunzi. Kama hatujui mtunzi, tunauliza hewani: nani anamjua mwenye wimbo huu? Siku shirika litakapokuja kudai, au siku tutakapopata cha kugawa, hesabu itakuwepo. Wiki ya kwanza tuliona kwamba zaidi ya nusu ya nyimbo zetu za Kiswahili hazina jina. Wiki ya pili simu zilianza kuingia. Mama mmoja alipiga kutoka kambini akisema ule wimbo wa saa moja ni wa marehemu mdogo wake, na hakutaka pesa. Alitaka tumtaje kwa majina yote mawili, pamoja na kijiji chake.

Yule kijana bado hajapata hata franka moja kutoka intaneti. Tulirekodi ubeti wake wa tatu hapa redioni, na jina lake analisema mwenyewe mwanzoni. Kwenye ndoa mbili ameitwa akaimba na kulipwa. Kwa pesa ya ndoa ya kwanza alinunua nyuzi za gitaa. Gitaa lenyewe bado ni la kuazima, kwa sababu la kwake lilibaki nyumbani siku waliyokimbia.

Kama una wimbo wa mtu wa kwetu kwenye simu yako na hujui ni wa nani, utulete redioni asubuhi. Tutauliza pamoja.